Amplifaya ya Sebuleni: Uizime Usiku au Uiache Ikiwaka?

Masika yalikuwa yameshika kasi mzee mmoja jirani yangu aliponiletea amplifaya yake, kaifunga kwenye khanga kama amebeba mtoto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii. Jana imelala nzima, leo imeamka bubu."

Nikamuuliza kama huwa anaizima akienda kulala. Swali lilimshangaza. Mwanawe anayeishi Ulaya alimwambia kuwa mashine nzuri ya muziki haizimwi, na kwamba kinachoiua ni kuwashwa na kuzimwa kila siku. Basi tangu ainunue, swichi yake haijaguswa. Umeme ukikatika anausubiri urudi, na mashine inaamka nao.

Nilipotoa kifuniko nilizikuta zile kapasita mbili kubwa za upande wa umeme, vikopo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa, kila moja imeinuka katikati kama andazi, na moja imetoa ute wa kahawia chini yake. Fyuzi ilikuwa nyeusi ndani ya kioo chake. Kwenye kifuniko, juu kabisa ya matundu ya hewa, kulikuwa na duara safi lisilo na vumbi. Hapo ndipo kilipokuwa kimetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua.

Swali la kuzima au kutozima naulizwa mara nyingi, na nimechoka kuona watu wazima wakipoteza vitu walivyovinunua kwa jasho kwa sababu ya jibu la juu juu. Kwa hiyo naliandika hapa kwa hatua, za kufuatwa nyumbani bila kufungua mashine. Jibu langu nalitoa mapema: kwa nyumba nyingi za kwetu, zima, tena zima ukutani. Zipo mashine na zipo nyumba ambazo jibu lake ni jingine, na utajua yako iko upande gani ukishapima.

Ushauri wa kutozima ulitoka wapi

Yule kijana hakumdanganya baba yake. Kampuni ya Naim ya Salisbury, Uingereza, inayotengeneza amplifaya za bei ya juu, kwa miaka mingi imewaambia wateja wake waziache zikiwa zimewashwa muda wote, isipokuwa kukiwa na radi. Hoja zake zina msingi. Amplifaya ikiwa baridi, mkondo unaopita kwenye transista zake za mwisho, zile zinazosukuma spika, bado haujatulia. Inahitaji dakika 15 hadi 30 kufika kwenye joto lake la kazi, na hapo ndipo inapotoa sauti yake halisi. Tena kila unapoiwasha, kapasita zilizo tupu hunywa umeme kwa pupa kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana taa ya sebuleni wakati mwingine inapepesa ukibonyeza swichi ya amplifaya kubwa. Na chuma kinachopata joto na kupoa, kupata joto na kupoa, hutanuka na kusinyaa, mpaka siku moja maungio ya risasi kwenye ubao yanapata ufa mwembamba usioonekana kwa macho.

Yote hayo ni kweli. Ila ni ushauri wa nchi ambako sebule ina nyuzi 20 na umeme unaweza kukaa miezi bila kukatika. Ukiuleta Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, unakutana na sebule ya nyuzi 31 saa nne usiku na umeme unaoondoka na kurudi bila hodi. Hapo mizani inageuka.

Hatua ya kwanza: ijue mashine yako

Igeuze uone mgongo wake. Kuna kibati au karatasi yenye jina la modeli, volti na wati. Anza na volti. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, na kifaa kilichoandikwa 220 hadi 240 hakina shida. Lakini amplifaya nyingi za mtumba zinatoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, na nyingine Marekani, volti 120. Hizo lazima zipitie transifoma ya kushusha umeme. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, utasikia mlio mmoja na harufu.

Wenye transifoma ya kushusha wanajisahau mahali pamoja: wanazima amplifaya, transifoma inabaki kwenye soketi. Iguse asubuhi, utaikuta vuguvugu. Imekesha ikila umeme na kujipasha joto bila kazi yoyote. Kwao swichi ya kuzima ni ile iliyo kabla ya transifoma.

Kisha ijue aina, yaani klasi: namna saketi yake inavyokuza sauti. Amplifaya nyingi za sebuleni, zile nzito zenye mapezi ya bati ya kupozea, ni za klasi AB. Zikiwa kimya bila muziki hula kama wati 20 hadi 60, na zile za sinema ya nyumbani zenye njia tano au saba za spika hukaa upande wa juu wa hesabu hiyo. Zile ndogo nyepesi za siku hizi, zinazotoshea kwenye kiganja na zina blutuuthi, mara nyingi ni klasi D, na zikiwa kimya hula wati chache tu, kama 5 hadi 15.

Za klasi A ni adimu, lakini wapenzi wa muziki wanazo. Hizi hula umeme ule ule ziwe zinaimba au ziwe kimya. Ya kutoa wati 25 tu kila upande inaweza kumeza wati 150 hadi 200 usiku kucha. Za valvu, zile zenye taa za kioo zinazong'aa rangi ya chungwa, nazo zina njaa, na juu ya hapo valvu ina umri wa kuhesabika. Valvu za kutoa nguvu hudumu saa elfu kadhaa, na mwaka mzima una saa 8,760. Ukiiacha ikeshe kila siku, unaweza kuwa unatafuta valvu mpya kabla mwaka haujageuka, na fikiria ni duka gani mjini kwako linaziuza. Mwenye valvu au klasi A hana haja ya kusoma hesabu zinazofuata. Azime.

Hatua ya pili: pima inakula kiasi gani ikiwa kimya

Wati zilizoandikwa nyuma ni za juu kabisa, hazikuambii inakula nini usiku. Mita yako ya umeme inakuambia, na haikutozi chochote.

Mita za LUKU, zile za Tanzania za kulipia kabla, na za Kenya pia, zina kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu nacho kumeandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake kitaa kikipepesa mara 1,000, au mara 1,600, umekula uniti moja. Fanya hivi. Chagua saa ambayo nyumba inaweza kuvumilia, zima kila kitu: friji, feni, taa, chaja, king'amuzi. Tazama kitaa, kisipopepesa kwa dakika tano, nyumba imenyamaza kweli. Sasa washa amplifaya peke yake, sauti chini kabisa, na uhesabu mipepeso kwa dakika 15 kamili kwa saa ya simu.

Zidisha mipepeso kwa nne, upate ya saa nzima. Gawanya kwa namba ya kwenye mita, kisha zidisha kwa 1,000. Hizo ndizo wati. Kwenye mita ya 1000, ukihesabu mipepeso 10, ni wati 40. Kwenye mita ya 1600, wati 40 hizo hizo zitakupa mipepeso 16. Kazi hii inataka subira, lakini naipenda kwa sababu hakuna anayekuhadithia, unaona mwenyewe.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kibodi cha kuingizia tokeni tu, omba kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi kwa fundi au kinunue duka la vifaa vya umeme. Rudia kipimo mara mbili: mara ya pili iwe umeizima kwa rimoti, ikiwa kwenye standibai. Utajua kama kuzima kwa rimoti ni kuzima kweli au ni kufumba jicho moja.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya uniti, kisha ya umri

Tuchukue wati 40. Kwa saa 24 ni wati-saa 960, yaani uniti 0.96. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 28.8. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani Tanzania Bara, uniti moja ikijumlishwa kodi na tozo imekuwa karibu shilingi 356. Wewe chukua risiti yako, gawanya pesa kwa uniti, upate bei yako. Kwa bei hiyo ni zaidi kidogo ya shilingi 10,250 kila mwezi kwa mashine isiyoimba. Ukiiwasha saa nne tu kwa siku inakuwa uniti 4.8, kama shilingi 1,700.

Wanaoumia zaidi ni wateja wa matumizi madogo, wanaouziwa kwa bei nafuu mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Uniti 28.8 ni zaidi ya theluthi ya mgao huo. Friji inafanya kazi, taa zinafanya kazi, halafu kitu kilicholala kinawasukuma kwenye bei ya juu, na mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba anagombeza watoto kwa kuacha taa ya chooni.

Standibai ni habari nyingine. Tangu 2013 sheria za Umoja wa Ulaya zinataka vifaa vya nyumbani vikiwa standibai visizidi nusu wati, au zaidi kidogo kama vina kioo cha kuonyesha maandishi, na watengenezaji wengi hutengeneza modeli moja ya kuuza dunia nzima. Nusu wati kwa mwaka ni uniti 4.4 hivi, haifiki shilingi 1,600. Kwa hiyo ukiwa na mashine ya miaka ya karibuni, usiikimbie standibai kwa sababu ya pesa. Sababu ya kuikimbia ipo, nitaifikia. Za zamani, na zile zinazobaki zimeunganishwa na intaneti zikisubiri simu yako, hula zaidi, ndiyo maana nilisema upime.

Hesabu ya umri ndiyo iliyomwangusha mzee wangu. Kapasita za upande wa umeme zina maji maji ndani, na adui yao ni joto. Ubavuni huandikwa kiwango cha joto, nyuzi 85 au 105, na mtengenezaji huahidi muda wa kuishi kwenye joto hilo, kwa kapasita nyingi za kawaida saa 2,000. Kanuni wanayoitumia mafundi ni hii: kila ukishusha nyuzi 10, umri unakuwa mara mbili.

Chukua kapasita ya nyuzi 85 yenye ahadi ya saa 2,000. Kama ndani ya mashine mna nyuzi 45, umeshuka mara nne nyuzi kumi kumi: 4,000, 8,000, 16,000, 32,000. Ukiiwasha saa nne kwa siku, saa 32,000 ni karibu miaka 22. Ukiiacha ikeshe kila siku, ni miaka mitatu na miezi minane. Sasa ifunike kwa kitambaa, joto la ndani lipande mpaka nyuzi 65. Umri unarudi saa 8,000. Ikikesha, ni siku 333.

Saa hizo haziji kama kifo cha kupangwa. Nyingi huvuka ahadi yake, na kapasita huzeeka hata ikikaa kabatini, kwa hiyo miaka 22 nayo usiishike kama hati. Lakini angalia umbali kati ya siku 333 na miaka 22. Swichi na kitambaa ndivyo vilivyotofautisha.

Sasa linganisha na hofu ya kuwasha na kuzima. Mara moja kwa siku kwa miaka kumi ni mara 3,650. Swichi na rilei, ile swichi ya ndani inayojiendesha kwa umeme, hutengenezwa kwa kazi kubwa kuliko hiyo. Kinachoumiza maungio ya risasi ni kuiwasha na kuizima mara kumi kwa siku, kila mtu anapotoka kwenda dukani. Mimi nina mpaka wangu: kama nitarudi kusikiliza ndani ya saa moja au mbili, naiacha. Zaidi ya hapo, nazima.

Hatua ya nne: ipe hewa, na ufunge milango kwa mijusi

Ondoa kitambaa. Najua kimefumwa kwa mkono, najua kilikuja na sherehe. Kitandike juu ya meza, mashine iwe juu yake. Acha angalau sentimita 10 juu ya matundu ya hewa, na usiweke king'amuzi wala chombo cha maua juu yake. Kama iko ndani ya kabati la televisheni, ubao wa nyuma utobolewe au uondolewe kabisa.

Baada ya saa moja ya muziki, weka kiganja kwenye mapezi ya kupozea. Ukiweza kukishikilia hapo kwa hesabu ya kumi bila kukiondoa, iko salama. Ukikitoa kabla ya tano wakati sauti ni ya kawaida, kuna shida: hewa haitoshi, au mkondo wa mashine umepanda, au umeunganisha spika nyingi kuliko inavyoweza. Soma nyuma, pameandikwa kiwango cha chini cha spika kwa omu, nne au nane. Spika mbili za omu nane ukiziunga sambamba zinakuwa omu nne, na mashine iliyoandikwa nane itachemka.

Na mijusi. Sisemi kwa kutia chumvi. Mjusi kafiri anapenda mahali penye joto na giza penye wadudu, na amplifaya inayokesha inampa vyote. Nimewahi kuchomoa mjusi mkavu aliyelala kutoka mguu mmoja wa transista hadi bati la kupozea, pale pale alipopiga shoti, na transista mbili zilikuwa zimekwenda naye. Mende nao huacha uchafu ambao ukipata unyevu unapitisha umeme. Mashine inayopoa usiku haiwaiti kwa nguvu ile. Usizibe matundu ya hewa kuwazuia. Piga vita mende ndani ya nyumba, na mashine ikae mbali na ukuta.

Hatua ya tano: jilinde na umeme unaorudi

Kama ungesoma hatua moja tu, ningependa iwe hii. Umeme kukatika hauui amplifaya. Kurudi ndiko kunakoua.

Unaporudi, kila friji, pampu na feni ya mtaa mzima inaamka kwa pamoja. Umeme unashuka, unaruka, unakatika tena, unarudi, yote ndani ya dakika moja. Amplifaya nyingi zina kizuizi kidogo cha mwanzo, kidude kinachobana ule mnywo wa pupa ili kapasita zijae taratibu. Katika mashine nyingi kidude hicho hufanya kazi kikiwa baridi tu; kikishapata joto kinapitisha umeme wote. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde tatu, kidude bado cha moto, na kapasita na fyuzi zinapigwa pigo zima bila ngao. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiizima mwenyewe, subiri dakika moja au mbili kabla ya kuiwasha tena.

Lipo na baya zaidi. Waya wa nyutro ukikatika kwenye laini ya mtaani, nyumba za fezi tofauti zinajikuta zimeungana, na soketi yako ya volti 230 inaweza kupanda kuelekea volti 400. Taa zinang'aa ghafla kupita kawaida, kisha zinapasuka. Ukiona taa zinang'aa hivyo, kimbilia meni swichi, mengine baadaye. Hapa ndipo standibai inapokuwa na hatari: mashine iliyozimwa kwa rimoti bado imefungamana na ukuta, na transifoma yake au saketi yake ya umeme inapokea volti hizo zote.

Basi fanya haya. Umeme ukikatika, zima amplifaya na swichi ya soketi papo hapo, gizani hivyo hivyo. Ukirudi, subiri dakika tano, uone taa zimetulia, ndipo uwashe. Kama mara nyingi hauko nyumbani, nunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu tena. Hakikisha ampea zake zinatosha. Stebilaiza ni nzuri kwa umeme mdogo wa jioni, lakini nyingi za bei nafuu haziwezi kukuokoa na volti 400. Uliza kama ina uwezo wa kukata kabisa.

Wa LUKU tuna mtego wetu. Uniti zinaisha saa saba usiku, muziki ulikuwa umefunguliwa sana. Alfajiri mtu anaingiza tokeni, na amplifaya yenye swichi ya kubonyeza inaamka na sauti ile ile, spika zikiwa baridi na nyumba imelala. Nimeona koni ya besi iliyochanika kwa mtindo huo.

Masika na vuli, mawingu yakianza kunguruma, kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi. Chomoa na waya wa antena na wa dishi, kwa sababu radi inaingia kwa dishi, inapita kwenye king'amuzi, inafika kwenye amplifaya kwa zile waya nyekundu na nyeupe.

Hatua ya sita: mpangilio wa kuwasha na kuzima

Kuwasha: televisheni, king'amuzi au simu kwanza. Sauti ya amplifaya chini kabisa. Washa swichi ya ukutani, kisha ya mashine. Baada ya sekunde tatu hadi tano, katika mashine zenye kinga ya spika, utasikia "tik" ya rilei ikiunganisha spika. Isipolia, au ikilia na kujiondoa, mashine imeona hatari na inazilinda spika zako. Usiiwashe mara kumi ukitumaini itakubali. Ikiwa transista ya mwisho imepiga shoti, umeme wa moja kwa moja unaelekea kwenye spika, na koili ya spika itaungua kwa sekunde chache.

Kuzima: shusha sauti, zima amplifaya kwanza, vingine vifuate, swichi ya ukutani mwisho. Ukigeuza mpangilio, king'amuzi kikizimika hutupa kishindo ambacho amplifaya inakikuza na kukipeleka kwenye spika.

Fyuzi ikikatika, weka ya namba ile ile. Kwenye plagi zetu za pini tatu kuna fyuzi ndani, mara nyingi ya ampea 13, na kwa amplifaya ndogo ya sebuleni ya ampea 3 inatosha. Usifunge waya mahali pa fyuzi hata kwa usiku mmoja wa harusi. Na kifuniko usikifungue kama hujafundishwa, hata kama umechomoa plagi. Zile kapasita kubwa zinaweza kubaki na volti 50 na zaidi kwa muda mrefu.

Pale ambapo kuiacha ni sawa

Kama umepima na ni klasi D ya wati 8, una kinga ya umeme, na mtu yupo nyumbani mchana kutwa akisikiliza redio kwa vipande, iache mpaka saa ya kulala. Kwa mwezi mzima, hata ikikesha, haifiki uniti 6. Kama una mashine ya klasi AB na unataka sauti yake bora kwa wageni wa jioni, iwashe nusu saa kabla hawajafika. Huhitaji zaidi ya hapo, na nasema hivyo nikiwaheshimu wanaosikia tofauti baada ya siku mbili.

Pwani kuna hoja ya unyevu, nami naikubali kwa nusu. Hewa ya chumvi inakula rilei, inatia kutu kwenye matundu ya waya, na mashine iliyofungiwa miezi sita hurudi na sauti ya kukwaruza kila unapogusa kitufe. Joto linafukuza unyevu. Lakini saa moja au mbili za muziki mara moja kwa wiki zinatosha kuikausha. Ukisafiri muda mrefu, mwachie ndugu kazi hiyo, na funguo.

Sabufa zenye amplifaya ndani nazitaja peke yake kwa sababu zinasahaulika. Nyingi zina swichi nyuma, imegeukia ukutani, na hukaa zikisubiri sauti usiku na mchana. Saketi yake imefungiwa ndani ya boksi la mbao lisilo na hewa, nyuma ya spika inayotikisika. Nikiletewa sabufa iliyokufa, swali langu la kwanza ni lini ilizimwa mara ya mwisho, na wengi hawakumbuki. Iunge pamoja na amplifaya kwenye ekstensheni moja nzuri yenye swichi, ukizima moja umezizima zote mbili.

Amplifaya ya mzee nimeiwekea kapasita mpya za nyuzi 105 na fyuzi ya namba yake. Nilipomrudishia, mkewe alikuwa ameshahamisha kitambaa kwenye meza ya chai. Sasa anaiwasha saa moja na nusu jioni, akirudi kuswali Magharibi, na taarifa ya habari ya saa mbili inaikuta imeshapata joto. Saa nne anaizima ukutani, anazima na sabufa, anakwenda kulala.